Sahani yako ina ladha ngapi? Chumvi na sukari zimezifunika nyingine

Mgonjwa wa presha akishapimwa na kupewa dawa, swali lake la kwanza huwa: "Daktari, sasa nile nini?" Mzazi mwenye mtoto aliyepungukiwa damu naye huuliza hivyo hivyo. Wengi hutarajia niwaandikie orodha ya vyakula vya dukani vyenye bei kubwa. Mimi huwarudishia swali: jana mlikula nini nyumbani, na kilikuwa na ladha gani?

Majibu hufanana sana. Asubuhi chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana ugali na mboga iliyokolea chumvi. Jioni ugali tena, na kama kuna mgeni, soda. Ukiihesabu siku nzima kwa ladha, utakuta chumvi na sukari ndizo zinazosikika. Uchachu haupo, uchungu umekimbiwa, na ile ladha nzito ya supu ya samaki au karanga imebadilishwa na kiungo cha pakiti.

Leo tuzungumze kuhusu ladha. Si kwa ajili ya mapishi ya sherehe, bali kwa sababu sahani yenye ladha moja au mbili tu mara nyingi ni sahani yenye aina chache za chakula, na hapo ndipo presha, kisukari na upungufu wa damu hupata njia ya kuingia.

Mfano wangu utakuwa Zagayu, kata iliyoko Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, wakati huo ikiwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma: wakulima wa pamba, mahindi, mtama, viazi vitamu, dengu, choroko na karanga, na wafugaji wa ng'ombe. Mibuyu na mikwaju imesimama mashambani. Nimeichagua kwa sababu karibu kila ladha ambayo mwili unaihitaji inapatikana huko bila kupanda basi kwenda mjini. Msomaji wa Kahama, Kilosa au Mbagala ataona kwamba mengi ninayosema yanamhusu naye.

Ulimi ni mlinzi wa mlangoni

Wataalamu wanatambua ladha tano za msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ya tano ambayo mwanasayansi wa Kijapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908. Hiyo ya tano ni ladha ya supu ya mifupa, dagaa, nyanya iliyoiva sana na uyoga. Kwa Kiswahili hatuna neno moja lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitaiita ladha ya supu. Pilipili haimo katika tano hizo. Ukali wake ni hisia ya kuungua inayopokelewa na mishipa ya fahamu ya maumivu na joto.

Kila ladha ina kazi ya ulinzi. Utamu humwambia mtoto kwamba hapa pana nguvu, ndiyo maana maziwa ya mama ni matamu. Chumvi huonyesha madini ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo. Ladha ya supu huashiria protini. Uchachu unaweza kuonya kwamba tunda halijaiva au chakula kimeharibika, na uchungu huonya juu ya sumu. Kwa hiyo mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuukunjia uso uchungu. Hiyo si tabia mbaya wala kudekezwa.

Hata lugha yetu imeupa utamu cheo. Chakula kikipikwa vizuri tunasema "kitamu", hata kama ni samaki wa kukaanga. Tatizo ni kwamba mlinzi huyu aliumbwa katika dunia ambayo sukari ilikuwa adimu. Leo sukari iko katika kila duka la kijiji, na ulimi haujui kusema basi.

Chumvi: ikague pakiti yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni pamoja na chumvi ya kwenye mboga, mkate, samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Watoto wanahitaji kidogo kuliko hapo, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haongezewi chumvi kabisa.

Hakuna anayepima gramu jikoni, kwa hiyo tumia hesabu hii. Familia ya watu wazima sita, kila mmoja akila gramu 5, hutumia gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa iwafikishe siku 16 hivi. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Ikiisha ndani ya wiki moja, kila mmoja wenu anakula zaidi ya gramu 11 kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kama nyumba ina watoto wadogo, pakiti ilitakiwa idumu zaidi ya hapo.

Chumvi nyingi huufanya mwili ushikilie maji, damu iongezeke ujazo, na mishipa isukumwe kwa nguvu kubwa zaidi. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akilima, akacheka na kula vizuri, kisha siku moja akaamka mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi.

Kuna vyanzo viwili vya sodiamu ambavyo wengi hawavihesabu. Cha kwanza ni viungo vya pakiti vya mchuzi, ambavyo sehemu yake kubwa huwa ni chumvi. Ukivitumia, chumvi ya kawaida ipunguzwe au isitiwe kabisa. Cha pili ni magadi. Akina mama wengi wa Kanda ya Ziwa huyatia kwenye mlenda na kunde ili viive haraka na viteleze. Magadi ni sodiamu pia, na mgonjwa wa presha anayesema "nimeacha chumvi" huku mlenda wake una magadi bado hajaacha. Zaidi ya hayo, magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga, na mengine yana floraidi nyingi inayobadilisha rangi ya meno ya watoto. Loweka kunde na maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha pika. Yataiva bila magadi.

Usiache chumvi kabisa, lakini. Chumvi yenye madini joto hulinda dhidi ya tezi la shingo na husaidia ubongo wa mtoto kukua tangu akiwa tumboni. Nunua yenye madini joto, ifunike vizuri, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Sukari: chovya chovya humaliza buyu la asali

Kwa sukari ya kuongeza, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai.

Sasa hesabu. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa, gramu 36. Ukiongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, ambayo huwa na gramu 30 hivi, umefika gramu 66. Umekwisha kupita hata ule ukomo wa juu wa gramu 50, na bado hujagusa andazi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa kinachomalizwa polepole ni uwezo wa kongosho.

Kwa mtoto chini ya miaka miwili, sukari ya kuongeza haihitajiki hata kijiko kimoja. Chai tamu na biskuti humshibisha bila kumjenga. Saa ya kula inapofika hana njaa, na mama anaambiwa "mtoto wako hapendi chakula". Asali nayo isitolewe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga.

Utamu wenyewe hatuufukuzi. Zagayu ina viazi vitamu, na Wasukuma wanajua kuvihifadhi: michembe iliyokatwa ikiwa mbichi na kuanikwa, na matobolwa yaliyochemshwa kwanza. Kiazi kilichochemshwa kina utamu uliofungwa pamoja na nyuzinyuzi, na kile chenye rangi ya chungwa kinaongeza vitamini A. Mpe mtoto kipande cha kiazi au papai mahali ulipokuwa ukimpa biskuti. Maembe katika msimu wake yanatosha kuwa utamu wa nyumba nzima.

Uchachu: ladha tuliyoisahau

Kama ningeambiwa niirudishe ladha moja tu mezani, ningechagua uchachu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba uchachu huisaidia chumvi. Kamulia ndimu au tia maji ya ukwaju kwenye mboga, na ulimi utadhani chumvi imekolea hata kama umeipunguza nusu. Kwa mgonjwa wa presha hii ni dawa ya jikoni isiyo na gharama.

Ya pili ni damu. Madini chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu, mtama na mboga za majani hufyonzwa kwa shida. Vitamini C na tindikali za matunda huyafungulia njia. Chai na kahawa hufanya kinyume: huyashika madini chuma tumboni na kuyatoa nje bila kutumika. Kwa hiyo mama mjamzito anayekula maharage kisha akashushia na chai amekula vizuri lakini amepoteza sehemu ya faida. Anayemaliza kwa chungwa au kikombe cha ubuyu amepata zaidi kwenye sahani ile ile. Chai isubiri saa moja au mbili.

Zagayu haihitaji kununua uchachu. Mbuyu, ambao Wasukuma huuita ng'wandu, hutoa unga mweupe wenye vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito ule ule. Koroga unga huo kwenye uji ulioipuliwa na kupoa kidogo, kwa kuwa moto mkali huiua vitamini C. Ubuyu ninaouzungumzia ni ule wa asili. Ule mwekundu wa pipi, uliokolezwa sukari na rangi, ni kitu kingine. Ukwaju, tunda la nshishi, hauna vitamini C nyingi kama ubuyu, lakini tindikali yake inafaa kwa mboga na uji.

Uchachu mwingine ni wa kuchachusha. Uji wa mtama au mahindi uliochachushwa, pamoja na togwa, hurahisisha kufyonzwa kwa madini ya nafaka. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto waliopewa uji uliochachushwa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha kwenye njia ya chakula. Maziwa mgando nayo ni mazuri, mradi yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi yanaweza kukuletea homa ya kutupa mimba, ugonjwa unaowapata pia wanadamu na kuwasumbua kwa miezi.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asinywe ukwaju au ndimu akiwa na tumbo tupu. Na kila mtu asukutue mdomo kwa maji baada ya vitu vichachu ili kulinda meno.

Uchungu: mboga ya bibi, na onyo lake

Mgagani, mchunga, majani ya kunde na nyanya chungu zilikuwa chakula cha kila siku cha bibi zetu. Wasukuma hukausha majani ya kunde yakawa nsansa, akiba ya miezi ambayo bustani ni kavu. Leo vijana wengi huyaona ni chakula cha umaskini. Ndani yake mna madini chuma, kalsiamu, folati na nyuzinyuzi, na kabichi nyeupe inayopendwa mjini haiyafikii majani hayo.

Uchungu unapoozwa kwa akili ya jikoni. Mgagani ukipikwa na maziwa au karanga zilizotwangwa, uchungu hubaki kwa mbali tu. Wapishi wengi huchemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu, na hapo wanamwaga vitamini. Mara moja, kwa maji machache na kwa muda mfupi, inatosha. Majani ya kukausha yaanikwe kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini A.

Sasa onyo. Kwa Waswahili dawa ni chungu, na wengine wamegeuza usemi huo: kila kichungu ni dawa. Nimeona wagonjwa wa kisukari wakiacha vidonge na kunywa maji ya mwarobaini kwa imani kwamba uchungu "unaosha sukari". Uchungu hauoshi sukari. Sukari inapanda kimya, na mgonjwa anarudi akiwa na kidonda mguuni au macho yameanza kufifia. Kwa watoto wadogo, mafuta ya mwarobaini yamewahi kusababisha degedege na madhara makubwa. Usimnyweshe mtoto.

Kuna uchungu mwingine ambao ni taarifa ya hatari kweli. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, watu kadhaa walipooza miguu ghafla na hawakurudi katika hali yao. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa kwa muda wa kutosha, huku vyakula vingine vikiwa haba. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Muhogo mchungu lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa hadi ukauke. Mwaka wa njaa ndio ambao watu hufupisha siku hizo, na ndio ambao hatari huongezeka.

Karanga au mahindi yenye ukungu nayo yatupwe. Sumukuvu yenyewe haina ladha, kwa hiyo usingoje ulimi ukuambie. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kausha mazao juu ya turubai, yahifadhi pakavu, na chambua yaliyosinyaa, yaliyobadilika rangi na yaliyoota ukungu. Usimpe kuku wala usiyasage kwa ajili ya uji wa mtoto.

Ladha ya supu: dagaa, karanga na mikunde

Watu wa Zagayu hawako mbali na Ziwa Victoria. Wilaya ya Busega katika mkoa huo huo inapakana nalo. Dagaa wa ziwa wengi hukaushwa kwa jua bila kutiwa chumvi, jambo linalowafaa wenye presha. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa protini na kalsiamu kwa pamoja. Waoshe vizuri kuondoa mchanga, wakaange kavu, kisha wasage. Kijiko cha unga wake ndani ya mboga huleta ladha ile ile ambayo watu huitafuta kwenye kiungo cha pakiti. Nyanya zilizoiva na vitunguu vilivyopikwa polepole husaidia pia.

Jambo linalonisikitisha Simiyu ni dengu na choroko. Zinalimwa kwa wingi, zinauzwa karibu zote, na mtoto wa mkulima anakula ugali na mlenda. Kama umevuna magunia matano, usiyauze yote. Weka debe mbili za nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Dengu zilizolowekwa na kupikwa na karanga zinakaribia sana thamani ya nyama, hasa zikiliwa pamoja na ugali, kwa kuwa protini ya nafaka na ya mikunde hukamilishana.

Mtoto anapotema mboga

"Daktari, huyu nikimpa mboga anatema. Nimeacha." Mama mmoja aliniambia hivyo akiwa amempakata mtoto wa miezi kumi na minne mwenye viganja vyeupe. Nikamuuliza amempa mara ngapi. Mara tatu, alisema.

Mayu, mara tatu ni chache. Tafiti zimeonyesha kuwa mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane hadi kumi na tano kabla hajakikubali. Mpe kiasi cha ncha ya kijiko, bila kumlazimisha wala kumpiga, mwache akuone wewe ukila, kisha jaribu tena kesho kutwa. Usiifiche mboga kwa sukari, kwa sababu utakuwa umemfundisha sukari.

Mafunzo ya ladha huanza mapema zaidi. Harufu na ladha za chakula cha mama humfikia mtoto tumboni kupitia maji ya uzazi, na baadaye kupitia maziwa. Mama anayekula mgagani na nsansa wakati wa ujauzito na kunyonyesha anamtambulisha mtoto kwa vyakula hivyo mapema. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Kuanzia hapo mpe uji mzito, na katika siku moja apate nafaka, mikunde au dagaa, mboga ya majani na tunda. Hakuna haja ya unga wa lishe wenye nafaka saba. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni dagaa, yai, karanga na mboga.

Siku moja mezani

Huu ni mfano wa siku moja kwa familia ya Zagayu bila kununua mengi:

Asubuhi: uji wa mtama uliochachushwa, ukiongezewa karanga zilizosagwa na unga wa ubuyu. Au viazi vitamu na maziwa.

Mchana: ugali wa mtama au wa dona, dengu zilizopikwa na nyanya na kitunguu, mgagani au nsansa ya karanga, na tunda la msimu.

Jioni: ugali kiasi kidogo kuliko mchana, dagaa wa mchuzi uliokamuliwa ndimu au kutiwa ukwaju, na majani ya maboga.

Angalia ladha zake: utamu wa kiazi na tunda, uchachu wa uji na ukwaju, uchungu wa mgagani, ladha ya supu ya dagaa na karanga, na chumvi kidogo. Aina za chakula zimejipanga zenyewe bila mtu kushika daftari.

Mwezi wa kuufundisha ulimi

Ulimi hujifunza. Anayepunguza chumvi huona chakula kimepooza kwa wiki za mwanzo. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, mboga ya zamani humshinda kwa chumvi. Siri ni kwenda polepole.

Wiki ya kwanza, ondoa kichupa cha chumvi mezani, na chumvi iishie jikoni. Punguza nusu kijiko cha sukari kwenye kila kikombe cha chai. Wiki ya pili, anza kutia ndimu au ukwaju kwenye mboga na upunguze robo ya chumvi ya kupikia. Wiki ya tatu, acha magadi na viungo vya pakiti, weka unga wa dagaa au karanga. Wiki ya nne, rudisha mboga moja chungu mara tatu kwa wiki, na punguza tena nusu kijiko cha sukari. Familia nzima ifuate. Kumpikia mgonjwa chungu chake cha pekee huku wengine wakila tofauti humfanya ajione ameadhibiwa, na baada ya siku kumi ataacha.

Wenye maradhi wazingatie haya

Mwenye presha: chakula hiki kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Usiache vidonge kwa sababu kipimo cha mwezi huu ni kizuri. Huenda ni vidonge vilivyokifanya kiwe kizuri.

Mwenye kisukari: asali, juisi ya miwa na togwa tamu ni sukari pia. Tunda lile zima lina nafuu kuliko juisi yake. Ukitumia insulini au vidonge, usiruke mlo.

Mwenye ugonjwa wa figo: mboga za majani, ubuyu na viazi vina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Zungumza na daktari wako kabla ya kufuata mpango huu, na usitumie chumvi mbadala yenye potasiamu.

Mwenye vidonda vya tumbo: pilipili inaweza kukuchoma, lakini wanaosababisha vidonda mara nyingi ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Vyote viwili vinahitaji tiba.

Ladha inapobadilika, njoo

Mama mjamzito anayetamani udongo, ule unaouzwa kama pemba, asichekwe. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini mazito yanayomdhuru mtoto. Apimwe damu, apewe vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, na avinywe kwa maji au juisi ya ubuyu, si kwa chai.

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka akiwa na viganja na midomo myeupe, akichoka kwa kucheza kidogo, miguu ikimvimba, au akikataa chakula chote kwa zaidi ya siku moja akiwa na homa. Mtu mzima aliyepoteza ladha kwa wiki kadhaa, anayepungua uzito bila sababu, mwenye kiu isiyoisha au anayekojoa sana usiku naye apimwe. Kila mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea apime presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama anajisikia mzima.

Na jioni ya leo, kabla hujalala, ichukue ile pakiti ya chumvi na uandike tarehe juu yake.